Jinsi nilivyotatua tatizo la maandishi kuchomoza nje ya boksi kwenye canvas

Jamani hii kitu imenisumbua siku mbili nzima. Nachora vibandiko vya majina kwenye canvas (eneo la kuchorea kwa JavaScript ndani ya ukurasa wa wavuti), napima upana wa neno kwa measureText, yaani amri ya canvas ya kupima maandishi, mwanzoni, halafu nachora boksi na maandishi baadaye picha ya nyuma ikishafika, sasa mara ya kwanza ukifungua ukurasa herufi za mwisho zinachomoza nje ya boksi, ukirifreshi zinakaa sawa kabisa. Nikahangaika na hesabu za nafasi za pembeni wee, kumbe hesabu haina shida.

Nikachapisha namba kwenye konsoli (dirisha la brauza la kuonyesha ujumbe wa kodi): mara ya kwanza upana 182, mara ya pili 211, neno lilelile, saizi ileile. Hapo ndo nikashtuka, fonti ilikuwa haijafika! Brauza haipakui fonti ya @font-face (fonti yako mwenyewe uliyoitaja kwenye CSS) mpaka kitu kiihitaji, na canvas haisubiri, inapima kwa fonti ya akiba basi. Ukirifreshi fonti inatoka kwenye kashe, yaani nakala ambayo brauza imeshaihifadhi, fasta.

Nilianza na document.fonts.ready, inayosubiri fonti zinazopakuliwa zimalizike, haikusaidia, maana kama hakuna aliyeiomba fonti yenyewe inasema tayari tu. Kilichofanya kazi ni await document.fonts.load('700 32px "JinaLaFonti"') inayoiomba fonti na kuisubiri ifike, ndo upime, na uzito (unene wa herufi, hiyo 700) uwe uleule unaochorea, mi niliweka 400 wakati nachora 700, ambayo ina faili lake, nikapoteza saa nzima tena.

Kimo nacho usitumie saizi ya fonti, jumlisha actualBoundingBoxAscent na actualBoundingBoxDescent (measureText inakupa zote mbili: herufi zinapanda na kushuka kiasi gani kutoka kwenye mstari wa kuandikia), mkia wa g na y hautoki tena nje ya boksi.