Vitanzi viwili

Leo naanza na vitanzi vya filamu ndani ya kamera ya sinema, kwa sababu hapo filamu ya milimita 16 huweza kuharibika.

Mbele ya lenzi filamu haitiririki. Ukucha mdogo huingia kwenye tundu la pembeni, huvuta picha moja, huiacha itulie, kisha shata, kizuizi cha mwanga kinachozunguka, hufunguka. Mara 24 kwa sekunde. Lakini magurudumu ya meno yanayoleta filamu na kuiondoa hayasimami kamwe. Kinachopatanisha miendo hiyo miwili ni ulegevu mdogo wa filamu, kitanzi kimoja juu ya dirisha la picha, tundu linalopitisha mwanga hadi kwenye filamu, na kingine chini yake. Nauona ufundi mzuri ajabu, ulegevu unaoleta utulivu.

Kitanzi kikipotea, filamu inavutwa wakati shata iko wazi: picha inatoka na michirizi ya wima, na matundu huenda yakachanika. Kikiwa kirefu mno, filamu inasugua kuta za kamera na kukwaruzika. Sikio hugundua kabla ya jicho, maana mlio laini huanza kugongagonga. Hapo simamisha, kafungue kamera ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga.

Spuli, kigurudumu chenye filamu ya futi 100, hupakiwa kivulini, nayo ishikwe isilegee, la sivyo mwanga unapenya pembeni na filamu inaungua. Upande uliofifia, wenye dawa, uelekee lenzi. Kabla ya kufunika, endesha kamera sekunde mbili na utazame vitanzi: vicheze bila kupungua. Ukishafunika, pitisha futi chache zilizokwisha kuona mwanga.

Futi zinazobaki hazifikii picha 4,000, yaani chini ya dakika 2 na sekunde 46. Kwa hiyo kipima mwanga kitangulie. Shata ya nyuzi 180, yaani iliyo wazi nusu duara, hutoa 1/48 ya sekunde kwa kila picha. Filamu ya negativu yenye wepesi wa kunasa mwanga wa ISO 500 ipimie kama 320. Inavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua, na vivuli vilivyonyimwa mwanga hurudi vimejaa chembechembe.

Baada ya pigo muhimu, yaani kurekodi tukio mara moja, toa lenzi, mulika dirisha kwa tochi. Unywele ukiwepo, uondoe kwa kijiti cha mti, kamwe si chuma, kisha rudia pigo.

Spuli ikiisha, irudishe koponi kivulini, zungushia tepu, na uandike palepale kwa herufi kubwa: IMEPIGWA. Kopo lisiloandikwa hupakiwa mara ya pili.