Kufunga nyumba Dar na kuanza maisha Ujerumani

Wengi huanza kwa kuuza kochi na friji. Anza na laini ya simu. Friji ikichelewa kupata mteja, ndugu atakuuzia. Laini ikifungwa ukiwa Leipzig, hakuna atakayekwenda dukani kuweka alama ya kidole badala yako. Namba za uthibitisho za benki na za pesa kwa simu huja kwenye laini hiyo hiyo. Washa roming kabla ya kuondoka, acha salio, na uitumie angalau mara moja kila mwezi, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine.

Umeme wa LUKU hukaa kwenye mita, hauhami na wewe, kwa hiyo mwezi wa mwisho nunua kidogokidogo. Bili ya maji ilipe na stakabadhi uitunze. Mpe mwenye nyumba taarifa kwa maandishi kama mkataba unavyosema, na siku ya kukabidhi funguo piga picha kuta, mabomba na mita. Mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege, muuzie jirani. Friji izime siku moja kabla, barafu iyeyuke yote, na mnunuzi aisafirishe ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mirija. Akiiwasha hapo hapo anaweza kuiua.

Samani usizisafirishe, gharama haina maana. Umeme wa Ujerumani ni volti 230 kama wa nyumbani, kinachotofautiana ni umbo la plagi tu, hivyo blenda nzuri inafaa kubebwa. Nyama, maziwa na samli kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hunyang'anywa forodhani. Dagaa wakavu wanaruhusiwa, mradi samaki wote uliobeba wasizidi kilo 20. Embe lisilokaushwa, liwe bichi au limeiva, linahitaji cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi na nanasi havihitaji.

Ukishahamia kwenye nyumba una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya wakazi, yaani kufanya Anmeldung. Unahitaji pasipoti na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga pekee hautoshi. Katika miji mikubwa miadi huwa adimu, itafute mtandaoni hata kabla ya kupanda ndege. Baada ya hapo namba ya kodi huja kwa posta, na hapa ndipo wengi hukwama: jina lako lisipokuwa kwenye sanduku la barua, barua hurudi ilikotoka. Andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye usajili, hata kama umepanga chumba kwa mtu. Bila namba hiyo, mwajiri anaweza kukukata kodi kwa daraja la sita, ambalo ndilo zito kuliko yote. Itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Hulipwa kwa kila nyumba, siyo kwa kila mtu, na kutokuwa na televisheni si kinga.

Dhamana ya nyumba kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za joto na maji, na unaruhusiwa kuilipa kwa awamu tatu. Uliza mapema kama jiko lipo. Nyumba nyingi hukabidhiwa bila sinki, bila jiko, hata bila taa.

Kinachokula dhamana za watu wa pwani ni ukungu ukutani. Sisi tumezoea madirisha yaliyo wazi mchana kutwa. Kule baridi inatufanya tufunge kila kitu, tupike wali, tuanike nguo chumbani, na mvuke wote unagandia kwenye kuta za baridi. Fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni na kila baada ya kupika, kisha funga. Kuliacha dirisha limeinama kidogo siku nzima hupoza ukuta bila kubadilisha hewa vya kutosha. Hita iache kwenye namba 3, takriban nyuzi 20, hata chumba usichokitumia usikizimie kabisa.

Leseni ya Tanzania inakubalika miezi sita tangu uanze kuishi huko, kisha ni mtihani wa nadharia na wa barabarani. Tafuta shule ya udereva mwezi wa kwanza, foleni za mitihani ni ndefu.