Chai yenye ladha ya sarafu: siku yangu moja kwenye mashine za kusafisha damu

Saa 10:30 alfajiri. Simu inalia, naamka. Mbagala kukicha ni vita vya daladala, sina haja ya kusimulia.

Saa 12 kasoro. Wagonjwa wanajua siku yangu inaanza na wao, kumbe inaanza na maji. Mtu mmoja akikaa kwenye mashine saa 4, takribani lita 120 za maji yenye dawa hupita upande wa pili wa chujio la damu yake. Klorini ya bomba ikipenya humo, inapasua chembe nyekundu za damu. Nachota maji kidogo, natia dawa ya kupimia, nasubiri rangi. Haijabadilika. Naandika kwenye daftari, nasaini.

Saa 12:20. Mizani. "Shikamoo mzee." "Marahaba, sista." Mzee wetu wa kiti cha dirishani anavua viatu, anapanda. Kilo 3.6 juu ya uzito mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada, na kwetu kilo moja ni lita moja ya maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa.

Hapa niungame. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawagombeza. "Umekunywa tena, mzee?" Anainamisha kichwa kama mtoto. Mpaka siku moja akanijibu taratibu: "Wewe ukisikia kiu unameza mate, sista. Mimi nimeze nini?"

Nikanyamaza. Tezi za mate za mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mate ya mzee yamepungua: maji anapimiwa, baadhi ya dawa anazomeza zinakausha kinywa, na ugonjwa ukikaa miaka tezi zenyewe nazo husinyaa. Kinachobaki ni kizito. Akiongea, uzi mwembamba unavutika kati ya mdomo wa juu na wa chini kama utelezi wa bamia.

Saa 1. Namchoma sindano mbili mkononi. Lazima niiname karibu, na hata barakoa haizuii: harufu ya mkojo uliolala. Zamani nilidhani hapigi mswaki. Anapiga mara nne kwa siku, mpaka fizi zinatoka damu! Uchafu haupo kwenye meno. Urea, taka ambayo figo zingeitoa kwenye mkojo, imejaa kwenye damu, na kutoka kwenye damu inaingia kwenye mate. Bakteria wa kinywani, hawa hawa tulio nao sote, wanaivunja na kupata amonia, gesi yenye harufu hiyo ya mkojo. Mswaki utaisugua hiyo mpaka lini?

Saa 2:30. Napita kupima presha, kila nusu saa. Kwenye benchi la nje dada mmoja ananivuta pembeni. Mume wake ana wiki tatu tu tangu aanze mashine.

"Sista, usinicheke. Miezi mitatu sasa ananiambia nimesahau kupika. Mchuzi una ladha ya chuma, chai ina ladha ya sarafu. Nimebadilisha hadi sufuria."

Sikucheka. Nilimuuliza swali moja tu: kwa hiyo ulifanya nini?

"Nikaongeza chumvi, sista. Angalau apate ladha."

Basi. Mate yaliyojaa urea na amonia yanaharibu ladha, mke anaongeza chumvi kwa mapenzi, chumvi inaleta kiu, kiu inaleta maji, na mume anapanda mizani kilo 4 juu. Halafu sisi tunamwita mkaidi. Tulikaa pale kama dakika kumi, presha za watu zikanisubiri. Nikamwambia chumvi aipunguze kabisa, atumie ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Ukwaju hapana, una potasiamu nyingi. Madafu vilevile. Kiu ikizidi mume amumunye kipande cha barafu, lakini akihesabu kuwa ni maji, au atafune jojo isiyo na sukari ili tezi zishtuke. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kulala naye uso kwa uso. Nikamwambia harufu haiambukizi.

Saa 4. Mzee anaonyesha jino linalocheza. Daktari wa meno alishanieleza ajabu ya vinywa hivi: amonia inazima tindikali inayotoboa meno, kwa hiyo unaweza kukuta mdomo unanuka na tundu hakuna hata moja. Ila mate hayohayo, yakiwa na fosfati nyingi, yanagandisha ukoga mpaka unakuwa jiwe. Meno ya mzee kwa ndani yana ukingo wa njano kama ukoko wa ndani ya birika la zamani. Kung'oa leo hapana, tumemtia heparini damu isigande kwenye mashine. Naandika: kesho.

Saa 5:10. Mashine inalia, namtoa. Kwa kipindi kimoja tunalenga urea ya damu ishuke angalau asilimia 65, na ya kwenye mate hushuka nayo. Keshokutwa itakuwa imepanda tena. Nabana pamba, nahesabu dakika. Binti yake anafungua chupa ya chai, anammiminia robo kikombe. Mzee anaizungusha mdomoni kabla ya kumeza.

"Ina tangawizi," anasema.

"Hata juzi ilikuwa na tangawizi, baba."

"Juzi sikuisikia."

Saa 6 hadi 10 jioni. Awamu ya pili. Presha moja ilishuka, tukamlaza, akarudi. Mengine ya kawaida.

Saa 11. Foleni Kariakoo. Kijana anapita dirishani na maembe mabichi yaliyochanjwa, chumvi na pilipili juu. Sijanunua bado, mdomo umeshajaa. Nameza. Unajaa tena.