Traka ya boti si traka ya boda

Zamani hapa Kibuye, Kisumu, kazi yangu ilikuwa kufunga traka, ile mashine ndogo ya kukuonyesha kwa simu chombo chako kiko wapi, kwa boda, probox na tuktuk, hizo tu. Sa hii wenye boti za Ziwa Victoria ndio wanajaa, leo mtu wa Dunga, kesho mtu ametoka Usenge, mwingine amepanda matatu kutoka Mbita na kadi ya laini mpya mfukoni, na wote wanakuja na wazo moja, kwamba nikishafunga hiyo kitu setilaiti itakuwa inaangalia boti yao usiku kucha. Haiangalii. Nimeeleza hii maneno mpaka nimeamua wacha niandike mara moja, mtu akiuliza namtumia linki.

Setilaiti za GPS ziko huko juu kama kilomita 20,000 na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo, hazijui kama una boti ama una punda. Traka ndio inasikiliza, ikishika setilaiti nne ama zaidi inapiga hesabu yenyewe inajua iko wapi, na ikiwa mahali wazi inakosea kwa mita chache tu. Ziwani ni wazi sana, hakuna ghorofa hakuna miti, kwa hivyo hapo hakuna shida. Shida inaanza pale traka inataka kukuambia wewe. Inatumia laini ya simu kama yako, inataka krediti ama bando, na inataka mlingoti wa netiwaki ulio karibu. Hizi traka za bei rahisi ni za 2G, na mlingoti wa 2G kwa kawaida mwisho wake ni kilomita 35, baada ya hapo hata kama hakuna kitu imezuia, haikushiki. Sasa enda katikati ya ziwa uhesabu kilomita.

Halafu mwizi wa ziwani hataki boti. Boti ya mbao ni kubwa, imepakwa rangi, imeandikwa namba na jina la mama ya mtu ubavuni, kila mtu bichi anaijua. Anataka injini. Injini ndogo ya nje imeshikwa na skrubu mbili za kukaza kwa mkono, na kama hakuna kufuli hapo mtu aliyezoea anaitoa kabla hujamaliza chai. Ya nguvu za farasi 15 mtu mmoja anaweka begani anaenda, ya 40 inataka watu wawili. Ni mali ya laki kadhaa, mara nyingi imenunuliwa na loni ya chama ambayo bado inalipwa, na mwenye nayo akiamka apate mbao tupu inacheza kwa maji hiyo siku hata uji hanywi. Kwa hivyo mtu akiniambia nimfungie traka chini ya kiti cha boti namuuliza, unataka kupata kiti ama unataka kupata injini?

Mimi huweka kwa injini, ndani ya kifuniko cha juu, kwa sababu hicho si chuma na mawimbi yanapita. Lakini hapo pia kuna joto na kuna kutetemeka, lazima itafutiwe kona mbali na lile gurudumu la juu linalozunguka, ifungwe vizuri isije ikadondoka ndani ikaleta balaa ingine. Na hizi injini za kuvuta kwa kamba nyingi hazina betri, si kama boda ambayo unachomeka waya mbili unaenda zako. Traka ya boti lazima iwe na betri yake, ichajiwe, na mtu akumbuke kuichaji.

Betri nayo ina adui mmoja, mawimbi. Traka nyingi zimetengenezwa zilale kama kitu kimetulia na ziamke zikihisi kutikiswa. Boda ikipakiwa usiku inatulia mpaka asubuhi. Boti haitulii hata dakika! Maji yanaisukuma, inavuta kamba ya nanga, inagonga ya jirani, na traka inaamka kila saa ikidhani imeibwa, inatuma meseji za alamu mpaka mwenye boti anazima simu alale, na siku mbili tatu betri imekwisha. Kwa hivyo ya kutikiswa nazima kabisa. Nachora duara kwa ramani kuzunguka pale boti inalala, duara pana, mita mia tatu hivi, kwa sababu boti huzunguka nanga yake na GPS yenyewe hurukaruka kidogo, halafu naiweka iamke kila baada ya muda iangalie kama bado iko ndani ya duara. Ikitoka ndio inapiga kelele.

Na ikipiga kelele, kabla hujaamsha kijiji, angalia spidi. Usiku upepo wetu hutoka nchi kavu unaenda ziwani, mchana unarudi, kila mtu aliyelala bichi anajua. Kamba ikikatika usiku boti inaondoka yenyewe polepole kuelekea kwa maji, na kwa simu utaona kadoti kanasonga kilomita moja, mbili kwa saa. Hiyo si mwizi, hiyo ni kamba mbovu, tafuta rafiki mwenye injini mkaichukue. Ukiona 15 ama 20, tena mstari umenyooka, hapo kuna mtu ameshika usukani.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Bondo nilimfungia. Akanipigia usiku wa manane, hakusalimia hata.

"Kijana wangu, hii simu inaniambia boti imetoka."

"Jaduong', spidi imeandika ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Si vijana wako wameenda kuvua omena?"

"Vijana wangu wamelala hapa. Nawaona miguu."

Nikamwambia asinipigie tena mimi, ampigie mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia bichi. Mimi niko Kisumu mjini na kompyuta, nitafanya nini? Kadoti kakaenda kakaenda kuelekea visiwani, halafu kakanyamaza. Netiwaki imeisha. Hapo ndio watu wengi hukata tamaa wanasema traka ni takataka. Lakini traka nzuri ikikosa netiwaki huwa inaandika ndani yake na ikipata tena inatema yote kwa mpigo, kwa hivyo kunyamaza si kufa.

Wakati imenyamaza, mwenyekiti alikuwa anafanya ile kazi hakuna mashine inafanya. Alipiga simu bichi ya mbele, wa bichi ya mbele akapigia kisiwani, wa kisiwani akapigia watu walio majini. Mnajua usiku wa giza wavuvi wa omena, hizi dagaa zetu, wametapakaa huko na taa, ukiwa mbali unaweza dhani ni mji umewashwa juu ya maji. Hao wanaona kila kitu. Swali lilikuwa moja tu, nani ameona boti imepita mbio bila taa na bila nyavu? Walioiona walikuwepo, na wakasema imeelekea wapi. Kulipopambazuka traka ikatema, na kadoti kalikuwa kwa mafunjo, ukingo wa maji, karibu kabisa na pale wale wa taa walikuwa wamesema. Vijana wakaenda. Boti wakaipata. Injini haikuwepo.

Sasa mtauliza, si traka ilikuwa kwa injini? Huyu mzee alikataa ifungwe kwa injini, alisema fundi wake ataharibu kila akifungua, akataka chini ya kiti. Sawa, boti ni yake. Lakini kadoti kalikuwa kameshaonyesha pale walishukia, na kutoka hapo hakuna barabara nyingi. Mwenyekiti akapiga simu tena, safari hii kwa watu wa boda wa hiyo stage: mmebeba kitu kizito kimefungwa turubai asubuhi hii? Mmoja alikuwa amebeba. Alidhani ni pampu ya maji. Akaonyesha nyumba, polisi wakaingia, injini ikatolewa chini ya kitanda bado inanuka petroli. Na mwenye nyumba akasema ni yake, amenunua, eti risiti imepotea. Kilichomaliza hiyo kesi ni picha. Binti ya mzee alikuwa amepiga picha ile namba ya injini iliyo kwa kibandiko cha braketi siku walinunua, ilikuwa bado kwa WhatsApp. Wakalinganisha namba pale pale stesheni. Kwa hivyo hata kama huna pesa ya traka, piga hiyo picha leo, na umtumie mtu mwingine, juu simu yako pia inaweza kuibwa.

Simu za wavuvi ni hadithi yake. Wezi wakivamia boti majini huanza na simu, zikusanywe zote, ndio msipige. Bonyeza *#06# uandike IMEI, ile namba ya simu yenyewe si ya laini, mahali nyumbani. Ukiibiwa chukua OB, ile namba ya ripoti yako kwa kitabu cha polisi, na polisi ndio wana njia ya kuuliza kampuni ya simu hiyo namba inawaka wapi, usipoteze pesa kwa yule jamaa wa mtandaoni anasema akitumiwa kitu kidogo atakuonyesha lokesheni. Huyo ni mwizi wa pili.

Kitu hakisemwi sana ni kwamba wafanyikazi wengi wa boti hawapendi traka, na nawaelewa. Samaki wakishauzwa mafuta yanatolewa, mwenye boti anachukua fungu lake, wao wanagawana iliyobaki. Mwenye boti akiwa na kadoti kwa simu anajua mlisimama bichi ingine nusu saa mnauza mbuta kabla ya kuleta nyumbani. Nimeona traka imekatwa waya kwa kisu safi kabisa halafu naambiwa ni panya. Panya katikati ya ziwa! Wenye boti, mkiweka kwa siri itajulikana tu, na siku boti itaibwa kweli hao vijana ndio mnategemea waende mafunjo. Waambie. Wengine wakishaelezwa kwamba ikipinduka na dhoruba hiyo kitu inaweza kusema walikuwa wapi mara ya mwisho, wanakuwa wa kwanza kukumbusha betri. Lakini ikizama haitasema kitu, mawimbi ya GPS hayapiti maji, msidanganywe na mtu amewauzia traka ya "kuzama."

Mipaka sasa. Ziwa lote ni kilomita za mraba kama 68,800 na Kenya tuko na asilimia 6 peke yake, iliyobaki ni Tanzania na Uganda. Ukitoka Muhuru Bay Tanzania iko hapo tu. Kwa hivyo ukinunua laini ya traka hakikisha romingi imefunguliwa, ikishika netiwaki ya jirani iweze kutuma, na krediti iwe inatosha. Kadoti kakivuka, usichukue vijana na mapanga mkakafuate. Huko nyinyi ndio mtaonekana maharamia. Chukua OB, picha ya namba na historia ya traka iliyochapishwa, mwende na BMU, wao huwa na namba za wenzao wa ng'ambo na mara nyingi hiyo simu inafika kabla ya barua ya serikali.

Na wale mnaniuliza kuhusu AirTag, ile ya Apple, ni kitu kizuri, mimi mwenyewe niko nayo kwa funguo. Lakini haina GPS wala laini, inategemea simu ya Apple ya mtu mwingine ipite karibu ndio iseme iko wapi. Katikati ya ziwa saa tisa usiku, boti imezimwa taa, hiyo aifoni itapita na nani?