Nilivyozipima paneli zangu za sola zilizozeeka

Betri zilianza kuchelewa kujaa. Miaka ya mwanzo kontrola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, ilikuwa inaonyesha zimejaa mapema alasiri. Sasa jua linazama bado zinachaji. Paneli zangu ni nane, kila moja wati 100 na seli 36, zimeungwa mbili mbili kwa mfululizo ili kulisha betri za volti 24, na zilikuwa zimetimiza miaka 12 juani. Niliowauliza walijigawa makundi mawili: betri zimekwisha, au paneli zimechoka, nunua mpya. Betri nilizipima nikakuta ni nzima. Hilo jibu la pili sikulikubali, kwa sababu paneli nane hazichoki siku moja.

Paneli ya silikoni iliyotengenezwa vizuri hupoteza kama nusu asilimia ya nguvu zake kwa mwaka, mara nyingine zaidi kidogo penye joto kali. Ndiyo maana watengenezaji wengi huahidi kwamba baada ya miaka 25 itakuwa bado inatoa asilimia 80. Kwa hesabu hiyo zangu zilitakiwa ziwe zimepungua asilimia sita hadi kumi. Lakini mita ya kubana waya ilinionyesha ampea 13 zinazofika kwenye kontrola saa sita mchana, wakati zamani zilikuwa zinapita 19. (Mita hiyo iwe ya kusoma umeme wa moja kwa moja, DC. Nyingi za bei ndogo husoma AC tu, na kwenye waya wa sola zitakuandikia sifuri.) Pengo la namna hiyo si uzee. Ni wagonjwa wachache waliojificha kati ya wazima.

Niliziosha kwanza, asubuhi kioo kikiwa bado baridi, maana maji baridi juu ya kioo kilichokwisha kupata moto huweza kukipasua. Kisha nikazitazama kwa karibu, mbele na nyuma. Moja ilikuwa na seli zilizogeuka rangi ya chai. Mbili zilikuwa na ile michirizi ya kijivu inayoitwa njia za konokono, ambayo mara nyingi hufuata nyufa ndogo ndani ya seli. Moja ilikuwa safi kabisa mbele, ila karatasi ya plastiki ya mgongoni ilikuwa imepasuka pasuka, na nilipoipitishia kidole kikatoka na unga mweupe. Nikaziandika namba zote nane kwa kalamu ya wino usiofutika, bila kuhukumu lolote bado.

Kazi ya kupima ndipo watu wengi wanapopotea. Fundi wa haraka hupanda na multimita, anagusa waya mbili, anaona volti 20, anasema paneli nzima. Volti ya paneli isiyobeba mzigo haiambii mengi. Paneli iliyopoteza theluthi ya nguvu zake huweza kuonyesha volti zilezile za dada yake mzima, kwa kuwa hakuna umeme unaopita wa kuufichua udhaifu. Kibandiko cha nyuma kiliandika volti 22, na mimi nilisoma 19.7 karibu kwenye zote. Hata huko kushuka si ugonjwa: kibandiko kinazungumzia seli zenye nyuzi 25, na juani seli hufika nyuzi 60 bila shida, volti zikipungua kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi inayoongezeka.

Kipimo hicho kilinifaa kwa jambo moja tu. Namba tano ilisoma volti 9.9, nusu kamili ya wenzake. Nusu kamili haiji kwa bahati. Paneli ya seli 36 kwa kawaida ina daiodi mbili (vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kile kisanduku cha nyuma, kila moja ikilinda seli 18. Daiodi ikiungua na kubaki imeshikana, seli zake 18 zinarukwa mchana kutwa. Nilifungua kisanduku nikaikuta imebadilika rangi. Kuibadilisha ni kazi ndogo mno ukilinganisha na hasara yake, kwa sababu namba tano ilikuwa imemvuta chini na mwenzake wa mfululizo: jozi yenye volti 30 bila mzigo haina nguvu ya kusukuma chochote cha maana kwenye betri zilizokwisha kupanda hadi 27. Robo nzima ya mfumo ilikuwa imelala kwa ajili ya kidude cha ukubwa wa kucha.

Baada ya hapo nikapima ampea za shoti, yaani kuziunganisha nyaya za paneli moja kupitia multimita yenyewe, tundu la ampea 10. Inaruhusiwa kwa paneli moja ya ampea sita; usijaribu kwenye betri, na usiifanye kwa paneli kubwa inayozidi uwezo wa mita. Tena nilizima swichi ya kontrola kwanza na kuifunika paneli kwa blanketi kabla ya kuchomoa kiunganishi chochote. Cheche ya DC haizimiki kirahisi kama ya AC.

Sikuwa na kifaa cha kupima ukali wa jua, na kusema kweli sikukihitaji. Nilizipima zote ndani ya muda mfupi, mbingu ikiwa wazi, nikazilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Jua na joto vikiwa sawa kwa wote, tofauti inayobaki ni ya paneli. Ile ya rangi ya chai ilikuwa chini ya wenzake kwa asilimia saba hivi. Rangi hiyo hutoka kwenye plastiki ya EVA inayozifunika seli: mionzi ya jua huichoma pole pole, ikapunguza mwanga unaopenya. Paneli za kituo cha umeme wa jua cha Carrizo Plain huko California ziliungua hivyo miaka ya 1980, zikiwa zimeongezewa vioo vya kuakisi jua. Lakini kule Lugano, Uswisi, kuna mfumo wa kilowati 10 uliounganishwa na gridi mwaka 1982, na paneli zake nyingi zimegeuka manjano na bado zimeendelea kuzalisha kwa miongo. Kwa hiyo sikuitupa.

Kipimo kilichomaliza ubishi ni cha mzigo. Nilitafuta rezista (kifaa kinachokinza umeme na kuugeuza joto) ya omu 3.3 inayostahimili wati zaidi ya 100, nikaifunga kwenye bati nene kwa sababu inachemka, nikaunganisha paneli moja moja. Ukigawa volti 17.8 kwa ampea 5.6 za kibandiko unapata takriban omu hizo, kwa hiyo paneli inafanya kazi karibu na kilele chake. Nyingi zilisimama kwenye volti 14.8 na ampea 4.5, yaani wati 66 au 67. Kwa jua la siku ile na joto lile, huo ulikuwa uzee wa halali. Namba mbili ikaanguka hadi volti 11.5 na ampea 3.5. Wati 40! Na hii ndiyo iliyokuwa na volti nzuri, ampea za shoti nzuri, uso unaong'aa. Sababu ilikuwa kiungo kilicholehemiwa kwa risasi ndani ya kisanduku, kilichoachia na kuwa cheusi. Kama wati 20 zilikuwa zinaishia hapo kuwa joto. Nilikisafisha, nikakilehemu upya, ikarudi kwa wenzake.

Zile za njia za konokono nilizielekezea kipimajoto cha mionzi, kile kinachosoma joto bila kugusa, upande wa mgongoni, mchana jua likiwa kali, kwa kuwa kioo cha mbele huakisi anga na kudanganya kipimo. Moja haikuwa na kitu. Nyingine ilikuwa na seli yenye nyuzi 20 zaidi ya majirani zake. Niliihamishia jozi moja na ile ya rangi ya chai, dhaifu kwa dhaifu, kwa sababu kwenye mfululizo mwenye ampea chache ndiye anayewaamulia wote. Naikagua kila msimu.

Niliyoiondoa kabisa ni moja tu, ile ya mgongo uliopasuka, ingawa kwenye rezista ilikuwa ya kwanza kati ya zote nane. Maji yakiingia kwenye ufa huo, umeme hupata njia ya kufika kwenye fremu, na fremu ndiyo mtu anayoshika anapopanda kuosha. Mwenzangu alinibishia sana, wati nzuri hivyo unazitupaje. Badala yake nimeweka mpya ambayo niliichagua kwa ampea zinazokaribiana na za mwenzake wa mfululizo, si kwa wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Mita ya kontrola sasa inasoma ampea 18 na kitu.