Wanafunzi walimaliza kozi wakajipa alama ndogo kuliko walizoanza nazo: uzoefu wangu wa tathmini

Niliombwa nifanye tathmini ya shule ya kiangazi ya wanafunzi wa vyuo, wiki mbili, mada maendeleo endelevu. Nikakubali haraka maana niliona kazi yenyewe nyepesi, yani unagawa dodoso siku ya kwanza, siku ya mwisho unagawa lilelile, unatoa hii kwa ile, unaandika ripoti unalala. Maswali 12, kila moja mtu anajipima mwenyewe kuanzia 1 mpaka 5, mfano "naelewa maendeleo endelevu ni nini" au "naweza kueleza malengo yanavyohusiana", yani yale Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa.

Sasa jioni ya siku ya mwisho ya masomo nimekaa na Excel yangu naingiza majibu, naona wastani unashuka. Nikajua nimechanganya kolamu, nikarudia mwanzo. Unashuka tu. Lile swali la malengo yanavyohusiana ndo kabisaa, watu waliokuja na 4 zao sasa hivi wanajipa 3 na wengine 2.

Mratibu kuona vile akashika kichwa, "Mdogo wangu, hii tunaipelekaje kwa wafadhili?" Akasema basi tutumie lile la "umeipendaje kozi", hapo karibu wote wamejaza 5. Mimi hilo swali huwa siliamini kivile, mtu kakaa na marafiki wapya wiki mbili, kesho wanaagana, machozi yako karibu, unategemea aandike nini?

Asubuhi yake kabla hawajapewa vyeti nikawauliza wenyewe, jamani mbona alama zimeshuka? Wakacheka. Binti mmoja akasema, "Siku ile nilijua ni kupanda miti na kuacha plastiki, hata kungekuwa na 6 ningejipa. Sasa nimeona malengo yako 17, shabaha 169, alafu mengine yanagongana yenyewe kwa yenyewe, ndo nimejua sijui."

Kumbe rula wanayojipimia ndo iliyobadilika. Na wala sikuwa wa kwanza kukwama hapo, wataalamu wa tathmini wanaliandika tatizo hili tangu miaka ya 1970, na dawa yake rahisi: unauliza yote mwishoni, leo unajipa ngapi, na ukitazama nyuma, siku ya kwanza ulistahili ngapi. Nikawagawia palepale. Safari hii alama zikapanda, tena sana, na hapo nikapata wasiwasi wa upande wa pili, maana mtu akishajua unatafuta maendeleo anaweza kukupa tu maendeleo ili akufurahishe.

Kilichoniokoa ni michoro. Siku ya kwanza mhadhiri mmoja aliwachangamsha kwa kuwaambia kila mtu achore anachofikiria akisikia maendeleo endelevu, aunganishe maneno kwa mishale, na zile karatasi nilikuwa nimezihifadhi bila sababu ya maana. Nikawaomba wachore tena. Kuna mmoja naukumbuka hadi leo: wa kwanza una neno "mazingira" katikati, pembeni miti, takataka, umeme wa jua, kila kitu kina mstari wake kwenda katikati kama buibui. Wa pili hauna katikati. Kuna bwawa, mshale unakwenda kwenye umeme safi, mwingine kwa wavuvi walioko chini ya mto, kutoka kwa wavuvi unakwenda kwenye ada za watoto, alafu mshale mmoja unarudi kwenye bwawa umeandikwa "nani aliamua?"

Tukahesabu mishale inayounganisha vitu vya pembeni vyenyewe kwa vyenyewe, mimi na mwenzangu kila mtu kivyake. Mara ya kwanza hesabu zetu zilipishana vibaya, mimi nahesabu hata mshale usio na neno juu yake, yeye hapana, tukakubaliana mshale bila maelezo hauhesabiwi, tukaanza upya. Ilichosha kweli, ila hapo ndo nilipata kitu cha kusimama nacho.

Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa kutathmini mafunzo, aliyagawa haya mambo ngazi nne tangu 1959: mtu amependa, amejifunza, ametenda, na kimebadilika nini. Sisi tulikuwa na mawili ya kwanza tu, kwahiyo baada ya miezi sita nikawatumia swali moja, umefanya nini tofauti? Waliojibu hawakufika nusu na nikaliandika hilo wazi kwenye ripoti, maana anayejibu mara nyingi ndo mwenye la kusimulia. Mmoja alibadilisha mada ya utafiti wake. Mwingine akaandika, "Bado natafuta wa kunisikiliza."

Mwaka uliofuata siku ya kwanza sikugawa dodoso kabisa, niligawa karatasi tupu na kalamu, kujipima nikakusogeza mwisho. Mratibu aliomba kitu kimoja tu, lile la "umeipendaje kozi" libaki. Likabaki.