Sangara naye kapangwa na Mungu?

Leo kuna swali limeniganda kichwani tangu asubuhi, yaani hivi kitu kikishakuwepo tu duniani basi tayari ni cha asili na kiko sawa? Maana huku Mwanza ukilalamikia chochote kile, mbu, joto, bei ya unga, utajibiwa "ndo Mungu alivyopanga" na maongezi yameishia hapo. Mi sibishani na Mungu jamani, ila nikiliangalia hili ziwa letu Victoria nashindwa kukubali kirahisi hivyo.

Chukua sangara. Mtoto wa Kirumba aliyezaliwa miaka ya 90 anajua sangara yupo ziwani tangu enzi za Nuhu, kumbe samaki mwenyewe kabebwa, alikuwa Ziwa Albert huko akaja kumwagwa Victoria miaka ya 50 kuelekea 60, wakati wa mkoloni, na hesabu yao ilikuwa nyepesi tu kwamba hivi visamaki vidogo vyenye miba, furu, havina faida, tuweke jisamaki livile hivyo vidogo, vigeuke kuwa mnofu. Wapo wataalamu walipinga wakati uleule, hawakusikilizwa. Akatulia miaka na miaka kama hayupo, ilipofika miaka ya 80 akalipuka, na furu ambao walikuwa aina zaidi ya 500 wakaanza kupukutika, inakadiriwa kama aina 200 hivi zilipotea. Mia mbili! Na hamna aliyewafanyia hata matanga.

Sasa mjomba wangu yeye sangara hali, anasema si samaki wa kwetu, anataka sato, samaki wa asili wa mababu. Nikamwambia anko, huyo sato unayemchambua hapo naye kaletwa miaka hiyohiyo ya 50, wenyeji wenyewe walikuwa ngege na mbiru, ambao siku hizi ukitaka kuwaona ukawatafute kwenye vijiziwa vya pembeni na malambo. Akaniangalia weee, akasema shida yangu nimesoma sana, akavuta sahani karibu akaendelea kula. Ndo nikaona kwamba kwa wengi wetu asili ni kile tulichokikuta tulipozaliwa, hakuna zaidi.

Alafu hata hao furu tunaowalilia, wenyeji kabisa, usidhani walikuwa malaika. Furu wengi mama anatotoa mdomoni, anabeba mayai na watoto humohumo mpaka wapate nguvu, na kuna furu wengine maisha yao yote kazi yao ni kumvizia huyo mama wamnyonye watoto kutoka mdomoni wawale. Hapo hamna mkoloni, hamna kiwanda, ni asili tupu mia kwa mia. Sasa niambie iko sawa? Mi naona kumuuliza samaki maswali ya haki ni kumwonea, yeye hakukaa kikao. Lakini aliyepakia sangara kwenye ndoo alikuwa mtu, ana akili zake, huyo anaulizika.

Kuna mama huwa anakaanga mapanki njia ya kwenda mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Kwa asiyejua, mapanki ni kile kinachobaki kiwandani wakishachuna minofu, kichwa na uti wa mgongo na mkia, vinaletwa vimerundikwa kwenye mkokoteni. Karai lake jeusi tii, sangara ana mafuta mengi mpaka yanazidi kwenye karai, yeye anayachota na kopo anayaweka pembeni kwa ajili ya kukaangia tena. Mafuta hayohayo ndo yanafanya sangara asikauke juani kama dagaa, lazima umbanike au umkaange, kwa hiyo kuni zikaliwa na miti ikakatwa visiwani, kitu ambacho naamini wale wa miaka ya 50 hakikuwajia hata ndotoni. Basi nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamuuliza hivi unajua huyu samaki aliletwa tu humu ziwani? Akageuza kichwa kimoja kwenye karai, akasema, "Kumbe aliletwa? Sasa huyo aliyemleta si angetuachia na mnofu."

Nilicheka lakini nilipofika nyumbani sikucheka tena. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa samaki, yanaenda China kwa bei ambayo nikiitaja utadhani nauza dhahabu, sisi tunabaki na fuvu. Na hapohapo siwezi kusema sangara alikuwa laana tupu, kuna nyumba mji huu zimejengwa na sangara, kuna watu wamesomeshwa mpaka chuo na sangara, na mimi ni mmoja wao maana baba alikuwa akinunua mwaloni na kupeleka kiwandani. Ukinipa kifimbo cha uchawi nimrudishe Albert leo jioni sijui kama mkono utanyanyuka.

Kitu kingine kinachonivuruga ni kwamba hili ziwa lenyewe lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena, na hizo aina zote za furu zimetokea hapo katikati, kwa umri wa dunia hiyo ni jana mchana. Na siku hizi furu kiasi wamerudi, tangu sangara alipoanza kuvuliwa sana, ila maji yamechafuka, na furu jike anachagua dume kwa rangi, kwenye maji ya tope rangi haionekani vizuri basi anajikuta kazaa na wa aina nyingine kabisa. Watoto wanaotoka hapo si furu wa zamani, si wageni, hawakupandikizwa na mtu lakini wasingekuwepo bila tope letu, mbolea zinazoshuka na mito na maji machafu ya mjini. Nimekaa nao kichwani siku nzima nikashindwa niwaweke kundi gani, na mjomba nimeshamjua atasemaje, ataniuliza wanalika au hawaliki.